Ameketi, amevaa nguo

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii naandika moyo ukiwa mzito, mnivumilie.

Jumanne mama alinipigia. Mdogo wangu ameacha dawa tena, usiku wa nne halali, anazunguka uani akiongea peke yake, na wajomba wameanza kuulizia kamba. Nilikuwa namkorogea uji bibi ninayemtunza hapa Mestre, Italia, jirani na Venezia. Uji ukaungua. Maana aliyemwambia yule kijana kwamba kumeza vidonge ni upungufu wa imani ni mimi, Pasaka iliyopita, kwa simu, tena kwa ujasiri wote.

Alhamisi mchana ndiyo mapumziko yangu. Nikaenda Venezia, nikapanda boti pale San Zaccaria hadi kisiwa cha San Servolo, mwendo wa dakika kumi hivi. Zamani hizo palikuwa monasteri ya Wabenedikto, wakaja masista baadaye. Karne ya 18 Jamhuri ya Venezia ikapafanya hospitali ya wanajeshi, na kuanzia 1725 wakaletwa wagonjwa wa akili. Waliendelea kuletwa hadi 1978, mwaka ambao Italia ilipitisha sheria namba 180, ile inayoitwa kwa jina la daktari Franco Basaglia, ya kufunga hospitali za namna hiyo. Leo majengo yamekarabatiwa, na ndani yake kuna Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Venezia, kilichoanzishwa 1995. Vijana wa kila taifa wanakatiza bustani na mabegi mgongoni, wanacheka.

Nilikwenda na Isaya 58:12 kichwani, "Mwenye kutengeneza mahali palipobomoka", nikijua tafakari imeshajiandika yenyewe. Na kweli kuta zimependeza. Ila kuna makumbusho mle ndani, nikaingia.

Kuna minyororo na pingu. Kuna picha pia za wagonjwa, nyingine za mtu yule yule, siku aliyoingia na siku aliyotoka. Nilisimama mbele ya mmoja. Kwenye ya kwanza mashavu yamebonyea, macho hayajui yatazame wapi. Kwenye ya pili amevaa koti, nywele zimechanwa, anakutazama. Marko 5:15, habari za yule wa Wagerasi ambaye Yesu alimtoa pepo, ikanijia hapo hapo: ameketi, amevaa nguo, ana akili zake.

Sasa sikilizeni kilichowaleta wengi wa watu wale. Walikuwa wakulima maskini wa Veneto, mkoa huu wa Venezia, waliokula polenta asubuhi, mchana na jioni. Polenta ni ugali, wapendwa, ugali huu huu wa mahindi, ila wao waliula bila nyama, bila maziwa. Ukila hivyo miaka, unapata pelagra: ngozi inababuka, tumbo linaharisha, mwisho akili inaruka. Mwili umekosa niasini, vitamini moja tu. Wakilishwa vizuri, wengi walipata nafuu. Wakirudi kwenye umaskini wao, ugonjwa unawarudia.

Ni pepo gani huyo anayetolewa kwa maziwa na nyama?

Sisemi pepo hawapo. Marko 5 naisoma kama ilivyoandikwa. Nasema tumekuwa wepesi mno wa kukemea na wazito wa kupakua. Eliya alipochoka hadi kuomba afe, chini ya mretemu, malaika hakumkemea. Alimwambia, "Inuka, ule." Akala, akanywa, akalala tena, na malaika akarudi na chakula mara ya pili! Hakuna aliyemhubiria mpaka hapo. Sisi je? Mtu hajala, hajalala, tunamwongezea mfungo wa siku saba. Tunamfunga kamba kwenye nguzo na kuita hiyo huduma. Mama mchungaji, baba mzee wa kanisa, nakuheshimu, lakini ukimwambia mgonjwa atupe dawa, utakuwepo usiku wa nne? Mimi sikuwepo. Nilikuwa Italia, nimelala.

Na aibu nayo. Miaka mitatu kwenye kikundi chetu nimewaombeeni watoto wenu mitihani na visa, na mdogo wangu sijamtaja hata mara moja. Mkiniuliza nasema yupo, anaendelea na masomo. Nisameheni. Yule wa Wagerasi Bwana alimwambia aende nyumbani kwake, kwa watu wa kwao; wa kwetu yuko nyumbani tayari, ila mimi nilimficha.

Ijumaa asubuhi mama alimpeleka hospitali ya wilaya, wakampa dawa. Jioni nikapiga, nikaomba apewe simu.

"Dada, si wewe uliyesema niache?"

"Nilikosea, mdogo wangu."

Akanyamaza muda mrefu, nasikia kuku tu nyuma yake. Kisha akasema, "Basi ngoja nile kwanza, nisizimeze na njaa." Nikamsikia anamwuliza mama kama dagaa wamebaki.