Mwalimu wa miguu: siku moja maishani mwangu

Saa 11 alfajiri. Kengele ya kigango chetu, tawi dogo la parokia ya Kikatoliki, ni rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mwembe, na mpigaji ni mimi. Nagonga mara tatu, nasali, nagonga tatu tena, hadi sala ya Malaika wa Bwana iishe. Leo tulikuwa watu wanne na mbwa. Silaumu mtu. Ni wiki ya mwisho ya Januari, Bonde la Kilombero lote liko kwenye majaruba, na miche ya mpunga haimsubiri katekista.

Hapa kila katekista, mfundisha dini asiye padri, huitwa mwalimu. Vijana wa kwaya wameniongezea: mwalimu wa miguu, kwa kuwa nashinda kwenye miguu ya watu waliougua ukoma. Mwanzoni niliona wananidhihaki, siku hizi naitika.

Saa 12 na nusu. Napakia kapu la baiskeli: chupa ya mafuta ya alizeti, mawe mawili ya kusugulia, vitambaa safi, daftari, peni. Dawa sibebi. Dawa za ukoma ziko zahanati ya serikali na ni bure kabisa. Tangu mwaka 2000 kampuni ya Novartis inazitoa kupitia Shirika la Afya Duniani. Kigango chetu hakijawahi kumpa mtu hata kidonge kimoja. Nalisema hili kwa sababu kuna wanaodhani kanisa linatibu, na kuna wanaodhani linaombea tu. Kazi niliyopewa iko katikati: mtu akianza dozi ya miezi 12, amalize miezi 12.

Saa 1 na nusu. Tunakutana nyumbani kwa mama mmoja kwa sababu ndiye mwenye kisima. Watu saba, mabeseni saba. Watatu Wakatoliki, wawili Waislamu, mmoja Mlutheri, na mmoja hajawahi kutuambia. Ninasali kwa ufupi, Waislamu wanaomba dua yao, kisha miguu inaingia majini. Wengi wao walishamaliza dawa zamani. Vimelea vimekufa, ganzi imebaki.

Watu husema ukoma unaozesha vidole. Si kweli. Unaharibu mishipa ya fahamu, mguu unakosa hisia, halafu mwiba, kaa la moto na sufuria ya uji ndivyo vinavyomaliza vidole. Hata panya. Mama mwenye kisima alipoteza ncha ya kidole usiku mmoja amelala, akagundua asubuhi kwa kuona damu kwenye shuka.

Kwa hiyo tunaloweka miguu, dakika 20 hadi 30, maji ya kawaida yasiyo ya moto. Sugu ikishalainika tunaisugua kwa jiwe taratibu, kisha tunapaka mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu, maana mguu wenye ganzi hautoi jasho, hukauka ukapasuka kama tope la kiangazi. Mwisho kila mtu anainua mguu wa jirani yake na kuukagua. Hapo ndipo utani unapoanza, na utani ndio unaowaleta, sijidanganyi kwamba ni sala zangu.

Leo mzee wetu muuza samaki alikuja na kandambili. Jirani yake akauinua mguu wa kushoto, akanyamaza. Akaniita. Msumari ulikuwa umetoboa kandambili na kuingia chini ya kidole gumba, umezama wote, kichwa kinang'aa kwa kusuguliwa na barabara. Tangu gulio la jana alikuwa anatembea nao. Mzee akainama akautazama muda mrefu kama mtu anayetazama mguu wa mwenzake, kisha akasema, "Ndiyo maana! Nilikuwa nashangaa mbona leo kandambili hainivuki."

Tulicheka hadi mama akamwaga beseni. Nilicheka na mimi, halafu nikampakia kwenye baiskeli kwenda zahanati kusafishwa na kuchomwa sindano ya pepopunda. Nesi alisema asiukanyagie mguu ule mpaka upone. Lakini mzee analima mpunga pia, na kumwambia hivyo mkulima wa mpunga mwezi wa Januari ni kumwambia alale njaa. Nikampigia simu mama kiongozi wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki. Akauliza jaruba ngapi. Nikasema mbili. "Jumamosi tunakuja kumi, mwambie mzee akae kivulini atuimbie." Hakuuliza dini yake. Mzee ni Mwislamu.

Saa 4. Nilibaki pale zahanati kwa sababu ilikuwa siku ya dozi ya mwezi ya binti mmoja anayekaanga vitumbua stendi. Ni mwezi wake wa nne. Dozi ya mwezi hunywewa mbele ya nesi: rifampisini mbili, klofazimini tatu, dapsoni moja. Zilizobaki kwenye pakiti anakunywa nyumbani kila siku hadi siku ya 28. Rifampisini inageuza mkojo kuwa mwekundu, na mwezi wa kwanza alidhani anakufa. Klofazimini inatia ngozi weusi, na hilo ndilo linalomuumiza. Wateja wanamuuliza amejipaka nini.

"Shikamoo mwalimu. Nimekuja kuaga. Pakiti hii sichukui."

Nikaitikia marahaba, nikakaa kwenye benchi. Akaeleza. Jumapili aliombewa mahali, akawekewa mikono, akaambiwa amepona na kwamba kuendelea na vidonge ni kukosa imani. Mahali penyewe sitapataja, na hawako peke yao.

Mimi si mwepesi wa kubishana na maombi, nayafanya kutwa. Nikamuuliza tu kama anaikumbuka habari ya yule mtu mwenye ukoma aliyeambiwa na Yesu "Nataka, takasika". Akasema anaikumbuka. Baada ya hapo Bwana alimtuma wapi? Akafikiri. "Kwa kuhani." Kufanya nini? "Kujionyesha." Nikamwambia kuhani wa siku zile ndiye aliyekuwa mkaguzi wa ngozi, mwenye kitabu cha Walawi mkononi, na aliyeponywa na Yesu mwenyewe hakuruhusiwa kuruka kipimo. Basi twende kwa nesi, akikuta umepona nitakusindikiza mwenyewe kurudisha pakiti.

Nesi akamfumbisha macho, akawa anagusa mkono kwa ncha ya peni, gusa tu, kama inzi anavyotua. Binti aonyeshe kwa kidole palipoguswa. Gumba, sawa. Kidole cha kati, sawa. Kidole kidogo, mkono haukusogea. Nesi akarudia. Hakusogea. Nikaona uso wa nesi unabadilika. Akamshika kiwiko, akapapasa ule mshipa wa nyuma ambao ukijigonga unasisimka hadi vidoleni. Umevimba.

"Ganzi hii imeanza lini?"

"Wiki tatu. Nilinyamaza, nikajua dawa imekataa."

Dawa haikukataa. Mwili wakati mwingine hupambana na mabaki ya vimelea na mishipa ikaumia katikati ya vita. Ikigunduliwa kabla miezi 6 haijapita, vidonge vya predinisoloni vinaweza kuuokoa mkono. Ikichelewa, kidole kinajikunja na hakirudi. Nesi akaandika rufaa ya hospitali, safari ya kesho. Binti akanywa vidonge vyake sita kimya kimya, akaiweka pakiti kwenye mkoba. Nauli tumetoa kwenye kapu la jumuiya. Sikumwambia neno la imani. Tulikaa, akalia, nikamshikia maji.

Saa 7 mchana. Chakula kwa mzee mmoja wa kitongoji cha pili: wali na kambale wa kuchoma. Wazee wa umri wake bado wanakumbuka watu walivyopelekwa Nazareti, kituo cha ukoma cha misheni kule Ifakara, na ndugu wakaanua matanga kabisa. Huyu alitibiwa nyumbani. Lakini nje ya jiko, kwenye msumari, kuna kikombe cha bluu cha plastiki ambacho hakuna mwingine anayekigusa. Nilikiona zamani na kiliniudhi. Dawa ikishaanza maambukizi hukatika mapema, na yeye alimaliza miaka mingi iliyopita. Leo nikajitia ushujaa, nikakichukua, nikachota maji, nikanywa mbele ya mkwewe.

Mzee akang'aka. "Weka kikombe changu! Nyumba hii wajukuu wameiba kila kitu, hicho tu ndicho wanachokiogopa."

Nikakirudisha kwenye msumari.

Saa 9 alasiri. Karakana ya misheni. Fundi viatu wetu naye alitibiwa ukoma ujanani, na mkono wake wa kulia una vidole viwili vilivyonyooka, vinamtosha. Nimemletea mchoro wa mguu wa muuza samaki, niliouchora kwa kalamu kwenye boksi. Ndani anaweka raba laini ya sponji, chini tairi, vyote kwa gundi na uzi. Msumari haupiti mlango wake. Zamani tuliletewa msaada wa viatu vizuri sana, vyeusi, vya aina moja, na watu wakavificha uvunguni kwa sababu kijiji kizima kilijua ni viatu vya nini. Ndiyo maana fundi anashona makubazi kama ya sokoni, na kila jozi anaibandika urembo tofauti. Ya mzee ameomba yawe na rangi za Yanga.

Saa 11 jioni. Kikao cha kigango. Jumapili hii ni Siku ya Ukoma Duniani, iliyoanzishwa na Raoul Follereau, Mfaransa, mwaka 1954, na huangukia Jumapili ya mwisho ya Januari. Katibu ameandika tangazo: "Tuwaombee wakoma wote." Nikafuta, nikaandika "ndugu zetu wanaotibiwa ukoma". Katibu akalalamika maneno yamekuwa mengi. Nikamuuliza yeye alipolazwa mwaka jana, tuliwaombea wamalaria? Akacheka, likapita.

La pili lilikuwa gumu. Mwaka jana mhubiri mgeni alisema mara tano "ukoma wa dhambi". Mama mwenye kisima alikuwa benchi la tatu, na hakuja Misa Jumapili tatu zilizofuata. Nimeomba safari hii tusome wale kumi wa Injili ya Luka, walioponywa ukoma na Yesu akarudi mmoja tu kushukuru, na nimeomba wale tisa wasitukanwe sana. Miaka yote nimewahubiri kama watovu wa shukrani. Siku hizi nadhani walikimbia kwenda kuwaona watoto wao.

Saa 3 usiku. Daftari. Muuza samaki: jaruba mbili, Jumamosi. Binti: rufaa, nauli imetolewa, basi la saa 12. Kikombe sikukiandika.

Kisha navua shati na mke wangu ananimulika mgongo kwa tochi ya simu. Tunafanya hivi kila mwisho wa mwezi. Ukoma hauna haraka, waweza kukaa mwilini miaka mitano, hata 20, kabla baka halijatokea, na mgongo wako huwezi kuutazama mwenyewe. Anagusa huku na huku kwa ncha ya kalamu ya mtoto, nami nimefumba macho naonyesha.

"Hamna kitu," anasema. "Ila hapa begani una gundi."