Siku moja maishani mwangu: kumuuguza Tyson, mbwa wa miguu mitatu

Watu wakiniuliza nafanya kazi gani huko Lavington, Nairobi, nikiwajibu kwamba namuuguza mbwa, hucheka kwanza, kisha huuliza mshahara. Natamani mmoja wao ashinde nami kutwa nzima, hasa siku ya dawa. Kwa kuwa hakuna aliyejitolea, nimeiandika siku hiyo hapa.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Natoka Kawangware kwa miguu, na kufika getini kabla ya jua. Soja wa usiku ananipa ripoti bila kuulizwa: amekojoa, amekunywa maji, hajalia.

Tyson ni rottweiler wa miaka minane. Alianza kuchechemea mguu wa mbele wa kushoto, tukadhani ameteguka. Eksrei ikaonyesha mfupa umeliwa karibu na bega: osteosakoma, saratani ya mfupa ambayo huwapata zaidi mbwa wa miili mikubwa. Mguu ukakatwa wote mpaka begani. Wageni wakimwona husema, "Maskini, mmemtesa." Mateso yalikuwa ndani ya ule mguu. Kabla ya upasuaji alikuwa halali. Akijilaza anaamka, anazunguka, anajilaza tena, usiku kucha. Siku hizi anakoroma mpaka mzee, mwenye mbwa na mwajiri wangu, analalamika chumbani kwake.

Saa kumi na mbili. Kipimajoto kwanza: 38.7, sawa kabisa kwa mbwa. Kisha namfunua mdomo na kubonyeza ufizi kwa kidole. Pale nilipobonyeza panakuwa peupe, na nikiachia wekundu unatakiwa kurudi kabla sijamaliza kuhesabu moja, mbili. Umerudi. Kovu limekauka na nywele zimeanza kuota juu yake. Natazama nyayo. Nywele zinazoota katikati ya vidole nazipunguza kwa mkasi mdogo, maana zikirefuka hufunika nyama ya unyayo na mbwa huteleza kwenye vigae. Mbwa wa miguu minne akiteleza hujishika. Huyu akiteleza, kidevu ndicho kinachofika chini. Ndiyo maana nimetandaza vipande vya zulia kuukuu kutoka kitandani pake hadi mlango wa nyuma, na hakuna ruhusa ya kuvitoa hata wageni wakija.

Chakula: nyama ya ng'ombe iliyochemshwa, wali kidogo, karoti. Bila chumvi, na bila kitunguu kabisa, kwa sababu kitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Dada anayepika alidhani namwonea wivu mapishi yake mpaka daktari alipomweleza mwenyewe. Bakuli lake silijazi pia. Mbwa hubeba kama asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele, na sasa mguu mmoja unabeba mzigo wa miwili. Kila kilo ninayomzuia asiongeze ni kilo ambayo lile bega lililobaki halitaibeba. Vidonge vya maumivu na cha kuzuia kichefuchefu nimevificha ndani ya ini. Ini limeliwa, vidonge vimeliwa. Tunashukuru.

Saa mbili hadi saa tatu ni mazoezi, kukanda bega, na kutembea mara chache uani, mimi nikishika mshikio wa mkanda wake wa kifuani.

Miadi yetu kliniki ni saa nne. Kwa kawaida mzee hutuendesha mwenyewe, lakini gari lake liko gereji, kwa hiyo saa tatu na robo nikaita teksi kwa simu. Nikaandika kwenye ujumbe wazi kabisa: nina mbwa mgonjwa, mkubwa, mtulivu, nina shuka la kutandika kitini.

Dereva wa kwanza alifika, akamwona Tyson kupitia kwenye geti, akageuza gari. Hakushusha hata kioo. Nikaita wa pili. Huyu alishuka, akamzunguka Tyson kwa mbali, akasema, "Madam, mbwa siwezi." Nikamwambia nilikuwa nimeandika. Akasema hakusoma. Nikamwonyesha shuka. Akasema labda niongeze elfu moja juu ya nauli. Nikampigia mzee simu ndani ya nyumba, mzee akakubali, maana saa inakwenda. Nilipomgeukia dereva kumwambia, akawa amebadili mawazo, anasema manyoya yatamharibia siku, abiria wake wa mchana ni watu wa ofisi. Tukasimama pale tunabishana kwa heshima, jua limeshatoka, na Tyson kwa miguu yake mitatu hawezi kusimama muda mrefu hivyo. Bega likaanza kumtetemeka. Nikamlaza kwenye shuka lile lile la kitini, hapo kando ya geti, nikakaa chini kando yake. Mama mmoja aliyekuwa akipita akatutazama kama watu waliofukuzwa nyumba. Dereva akaondoka, kisha ujumbe ukaingia kwenye simu yangu kwamba safari imeghairiwa na nimetozwa ada. Nimetozwa mimi!

Siwalaumu madereva wote. Gari ni lake, na wengine imani yao inawafanya wajihadhari na mate ya mbwa. Mtu akiniambia hivyo mapema namwelewa na namshukuru. Kinachoniumiza ni kuja, kupandisha bei, na kuniacha barabarani na mgonjwa. Angekuwa bibi yangu na magongo, wangembeba.

Wa tatu alifika saa nne na nusu. Kijana kutoka Kitui. Alishuka, akachuchumaa, akanyoosha mkono ili Tyson aunuse, akauliza, "Mguu ulienda wapi?" Nikamweleza. Akafungua mlango wa nyuma, akashika upande wa nyuma, mimi nikashika mshikio wa kifuani, tukamwinua pamoja. Foleni ya barabara ya James Gichuru haikusogea, na njia nzima alikuwa akiuliza maswali. Kumbe nyumbani kwao kuna mbwa wa boma anayechechemea tangu Krismasi.

Kliniki tulifika tumechelewa, wengine wametupita. Kwanza mizani, kwa sababu dozi ya karboplatini, dawa yake ya saratani, hukokotolewa kutokana na uzito wa siku hiyo hiyo. Kisha damu. Dawa hii hushusha chembe nyeupe, na zikiwa chini sana daktari haitoi, mnarudishwa nyumbani mpaka zipande. Kungoja majibu ndiko kunakonichosha kuliko kumwinua. Mwanamke aliyekaa kando yangu na paka wake kwenye kikapu aliniambia, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba hela hizi zingesomesha mtoto. Nikamwambia zinasomesha: wangu yuko darasa la sita, na karo na vitabu vinatoka kwenye kazi hii. Akaniuliza kama mbwa atapona.

Hilo ni swali la haki. Daktari hakumficha mzee. Kukata mguu peke yake huondoa maumivu, lakini kwa wastani mbwa hupata kama miezi minne au mitano, kwa sababu mbegu za ugonjwa huwa zimeshafika kwenye mapafu hata kabla ya eksrei kuziona. Ukiongeza dawa, wastani unasogea karibu na mwaka. Kupona kabisa ni kwa wachache. Lakini dozi za mbwa hupangwa ili aishi vizuri kwa muda alionao; wengi wao hula, hucheza, na hawapati ule udhaifu tuliouona kwa ndugu zetu waliotibiwa saratani. Mzee amefiwa na mke, watoto wako ng'ambo. Mwaka mmoja na Tyson ni mwaka mzima wa kuwa na mtu wa kuamka naye.

Majibu yakatoka: chembe ziko sawa. Sindano waliiweka mguu wa nyuma, ili mguu wa mbele uliobaki usivimbe. Nikamshika kichwa, nikamsemesha kwa Kiluhya kama kawaida yetu, dripu ikaisha.

Mchana ule sijui ulikwendaje. Najua mzee alipata gari lake kwa fundi akaja kutuchukua, najua nilikula mandazi nimesimama. Nyumbani kazi ikaanza upya, maana kwa siku mbili tatu baada ya dozi dawa hutoka kwenye mkojo na kinyesi. Glavu kila mara. Kona moja tu ya bustani, na maji mengi juu yake. Shuka zake zinafuliwa peke yake. Dada wa jikoni ni mjamzito, kwa hiyo hagusi hata bakuli. Mimi ndiye wa kila kitu. Jioni Tyson alianza kujilamba midomo na kugeuza uso mbele ya chakula, dalili ya kichefuchefu. Nikamlisha vipande vidogo kutoka mkononi, kimoja kimoja, mpaka akamaliza nusu bakuli. Mgongo ulikuwa umenishika vibaya.

Soja wa usiku nilimwachia karatasi: joto likipita 39.4, akitapika zaidi ya mara moja, au akikataa maji, nipigiwe simu saa yoyote.

Niko njiani kurudi Kawangware, simu ikalia. Ni yule kijana wa teksi. Amezungumza na mama yake Kitui. Mbwa wao ana uvimbe mgumu juu kidogo ya kifundo cha mguu, pale unapokunjika, na mama anataka kumpa dawa ya maumivu ya binadamu iliyobaki nyumbani. Nikasimama kando ya barabara nikamwambia asimpe, hasa ibuprofen. Hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo. Uvimbe mgumu kwenye mfupa unataka daktari wa mifugo na eksrei, si kukandwa. Akaniuliza dalili nyingine, nikamtajia. Akasema kesho mama atampeleka, na siku ya dozi ijayo nimpigie yeye moja kwa moja, bei tutaelewana. Nimeihifadhi namba yake.