Mbwa anayeogopa radi: dawa itangulie ngurumo

Msimu wa mvua hapa Kigoma, radi ikipiga juu ya ziwa, mbwa wetu alitetemeka, akahema, akakwangua mlango. Kumfungia chumbani hakukusaidia. Asepromazini, dawa ya kutuliza wanyama, ilimlegeza mwili tu; macho yalibaki yamemtoka, maana haiondoi hofu yenyewe.

Kilichofaa ni gabapentini, dawa ya kifafa na maumivu ambayo pia hupunguza hofu. Daktari wa mifugo alimpima, kilo 15, akaandika kapsuli moja ya miligramu 300. Muhimu ni muda: huchukua saa moja na nusu hadi mbili kufanya kazi, kwa hiyo apewe wingu likianza kutanda, ndani ya tonge la ugali, si baada ya ngurumo ya kwanza. Gabapentini ya maji ya binadamu iacheni. Nyingine zina xylitol, kitia utamu kinachotumika badala ya sukari, ambacho ni sumu kali kwa mbwa. Akiyumba sana, daktari apunguze dozi.