Mwalimu tangu ana miaka minane

Wiki hii yote nimekuwa namsikiliza János Starker, mpiga chelo Mhungaria, na siwezi kukaa kimya. Kwa wasioijua, chelo ni kama fidla kubwa, unakaa kwenye kiti unaiweka katikati ya magoti, na sauti yake inakaribia sana sauti ya mtu mzima akiimba.

Alizaliwa Budapest 1924, familia ya Kiyahudi, akaanza chelo mdogo kabisa, na alipofika miaka 8 tayari alikuwa na mwanafunzi. Miaka 8 jamani! Kufika 12 anao watano. Wengi wanashangaa watoto wanaopiga vigumu kwa kasi, mimi kinachonigusa ni hiki, maana ukimfundisha mwenzio huwezi kumwambia we nifuatishe tu, inabidi ujue kidole kinakaaje na bega limekaza wapi, na mwenyewe Starker alikuwa anasema hawezi kupiga bila kufundisha, ukilazimika kueleza unachofanya ndo unagundua kumbe unafanya nini.

Halafu vita. Aliwekwa kambini kwenye kisiwa cha Csepel akapona, lakini kaka zake wawili, wote wapiga fidla, waliuawa na Wanazi. Hapo huwa nasimama kidogo kabla ya kuendelea.

1946 akaondoka Hungaria, akafika Paris, na huko 1948 akarekodi sonata (kipande kirefu chenye sehemu kadhaa) ya chelo peke yake, ya Kodály, mtunzi wa Kihungaria. Hiyo sonata we acha tu. Nyuzi mbili za chini zinalegezwa nusu toni (hatua moja ndogo ya sauti), kuna sehemu upinde unapita huku vidole vya mkono wa kushoto vinadonoa nyuzi, unasikia kama watu wawili au watatu na mtu ni mmoja! Rekodi ikachukua Grand Prix du Disque, tuzo kubwa ya rekodi ya Ufaransa. Mwaka huohuo akaenda Marekani: okestra ya Dallas, ile ya jumba la opera la Metropolitan huko New York, kisha kiti cha kwanza cha chelo, yaani kiongozi wa wapiga chelo, kwenye okestra ya Chicago Symphony chini ya mwongozaji Fritz Reiner.

Na 1958 akakiacha kile kiti akaenda Bloomington, Chuo Kikuu cha Indiana, kufundisha. Huku kwetu mtu wa muziki akiingia darasani watu wanaona kashindwa jukwaani, ila huyu alikaa pale mpaka anafariki 2013 na bado alikuwa anazunguka dunia akipiga. Wapiga chelo wakubwa kama Tsuyoshi Tsutsumi na Maria Kliegel wamepita mikononi mwake. Alikuwa mkali, hakutaka mikunjo ya uso wala kujirusharusha kwenye kiti, mwili ukikaza sauti nayo inakaza, na hisia ni za msikilizaji kuzipata, sio za mpigaji kuzionyesha.

Kama unataka kumsikia anza na hiyo Kodály, usiku, na hedifoni nzuri, halafu nenda kwenye zile suiti sita (mikusanyo ya vipande vya mtindo wa densi) za chelo za mtunzi Bach alizorekodi ameshapita miaka 60, zilizompa Grammy.