Hokkaido: mwezi gani nimpeleke mama

Mama anakuja Japani mwakani, inshallah, na ameniomba jambo moja tu: aione theluji. Mimi nafanya kazi Yokohama, na huku theluji ikianguka huwa haba, kesho yake imeshayeyuka. Theluji yenyewe iko Hokkaido, kisiwa kikubwa cha kaskazini, lakini huko nako kila mwezi una mambo yake. Nikaona bora nitangulie, nijue pa kumpeleka na wakati wa kumpeleka, kabla sijamkatia tiketi mtu mzima kutoka Tanga.

Nilikwenda mwezi wa pili, kwa treni, kwa sababu mama hapendi ndege na nilitaka kuijua njia. Shinkansen, treni ya kasi ya Japani, kutoka Tokyo inafika stesheni ya Shin-Hakodate-Hokuto kwa takriban saa nne. Kabla ya kufika inaingia handaki la Seikan, linalopita chini ya mlango-bahari wa Tsugaru: kilomita 53.85, na kama 23 kati ya hizo ziko chini ya sakafu ya bahari. Handaki lilifunguliwa mwaka 1988 kwa treni za kawaida. Shinkansen ikaanza kulipita mwaka 2016. Ukishatoka upande wa pili umo Hokkaido. Hapo unabadilisha treni, unapanda ya kwenda Sapporo, mwendo wa saa tatu na nusu hivi, na kwa sehemu kubwa ya njia bahari iko mkono wako wa kulia.

Kuna jambo lazima nilieleze, maana ndilo linaloamua kila kitu kuhusu kisiwa hiki. Majira ya baridi upepo mkavu hutoka Siberia, ukavuka Bahari ya Japani ukinyonya mvuke wa maji, kisha ukagonga milima ya Hokkaido na kuushusha mzigo wote kama theluji. Kwa vile hewa yenyewe ni baridi kali, theluji inafika ikiwa kavu na nyepesi. Nilijaribu kuifinyanga mkononi, ikapukutika kama unga wa muhogo. Ndiyo inayowavuta watu wa kuteleza kwa skii kutoka pande zote za dunia hadi Niseko, wengi wao mwezi wa kwanza, ambao ndio kilele chao. Mama hatelezi, kwa hiyo Niseko niliipita.

Sapporo ni jiji la watu karibu milioni mbili, na kwa msimu mmoja huangukiwa na theluji ya takriban mita tano ukijumlisha yote. Hakuna anayefunga duka. Usiku magari hupita kukwangua barabara, malori yanafuata kuzoa, na asubuhi kila mtu na beleshi lake mlangoni. Kilichonigusa zaidi ni masanduku yaliyowekwa penye vivuko vya miguu. Ndani mna mifuko midogo ya changarawe. Mpita njia akiona barafu inateleza, anafungua sanduku, anachana mfuko, anamwaga changarawe mbele yake, anavuka, na wanaomfuata wanavuka salama. Nilimwona bibi mmoja, mgongo umepinda, akifanya hivyo taratibu, tena kwa uangalifu kuliko vijana waliokuwa pembeni yake. Nikamwaza mama na magoti yake, hofu ikanipungua.

Nina rafiki wa Mombasa anayesoma pale, naye ndiye aliyenifundisha kutembea. "Hatua fupi, kaka," akaniambia. "Unyayo wote chini, magoti yalegee, na usikimbilie taa hata kidogo." Akanionyesha pia njia ya chini ya ardhi inayotoka stesheni ya Sapporo mpaka bustani ya Odori. Humo unatembea koti mkononi. Jioni tukala supu ya kari, chakula kilichozaliwa hukohuko Sapporo: mchuzi mwepesi wenye viungo vingi, paja la kuku na mboga nzimanzima, wali pembeni. Mtu wa pwani hahitaji kuzoeshwa chakula hicho.

Tamasha la Theluji lilikuwa limekwisha, nami nilipanga iwe hivyo. Lilianza mwaka 1950, wanafunzi walipochonga masanamu sita ya theluji pale Odori. Sasa hufanyika mwanzoni mwa Februari kila mwaka na hujaza jiji. Siku hizo vyumba hupanda bei na hugombaniwa miezi kabla. Kijana mwenye nguvu na akiba aende, atafurahi. Lakini kumpitisha mama katikati ya umati juu ya barafu iliyokanyagwa na maelfu, hapana. Ukisubiri wiki moja au mbili, theluji bado ipo tele, watu wamepungua, na jua linazama baada ya saa kumi na moja jioni. Desemba linazama mapema mno, kama saa kumi na dakika chache, na siku inakuishia mikononi.

Kutoka Sapporo nilipanda treni ya Abashiri, safari ya saa tano na zaidi kuelekea mashariki. Inapita Asahikawa, mji uliopimwa nyuzi 41 chini ya sifuri tarehe 25 Januari 1902. Siku niliyopita haikuwa hivyo, ila nilishuka jukwaani dakika moja tu, nikahisi vinyweleo vya pua vimekakamaa.

Abashiri iko kwenye Bahari ya Okhotsk, na hapa ndipo nilipopata jibu langu. Mto Amur humwaga maji matamu kwenye bahari hiyo. Maji ya juu hupungua chumvi na hayachanganyiki sana na ya chini, hivyo huganda upesi. Barafu hiyo husukumwa na upepo na mikondo kuelekea kusini, na kwa kawaida hufika pwani ya Abashiri kuanzia mwishoni mwa Januari. Februari ndiyo wakati wake mzuri. Upepo ukigeuka, hata hivyo, barafu huweza kuondoka usiku mmoja, kwa hiyo anayekwenda alale pale zaidi ya siku moja.

Mimi nilipanda meli ya kuvunja barafu asubuhi yake. Mwanzoni vipande vilikuwa vimetawanyika, kisha vikasongamana, kisha maji hayakuonekana tena. Meli ilipanda juu ya barafu, ikaikandamiza kwa uzito wake, na mpasuko ukasikika miguuni kabla ya masikioni. Bamba moja liligeuka kando yetu likaonyesha tumbo lake: unene wa kutosha kusimama mtu, samawati kwa ndani, na chini yake rangi ya kahawia. Ile kahawia ni mwani mdogo unaoishi ndani ya barafu, chakula cha viumbe vidogo ambavyo nao huliwa na samaki. Mbele kidogo tai wa baharini alikuwa ametua, mdomo wa manjano mkubwa, hakujali meli. Nimekulia karibu na bahari, nimeiona ikichafuka na ikitulia, lakini sikuwa nimewahi kuiona imefungwa namna ile. Barafu hii imepungua kwa miongo mingi, na anayetaka kuiona asiahirishe sana.

Wenyeji niliozungumza nao kila mmoja ana mwezi wake. Mwenye hoteli alisema Julai, lavenda inapochanua Furano, hali ya hewa imepoa na kisiwa hakina msimu wa mvua kama Tokyo. Mwingine akasema katikati ya Septemba, majani ya mlima Asahidake yanapogeuka mekundu mapema kuliko karibu kote Japani. Mwanzoni mwa Mei kuna maua ya micheri Hakodate. Aprili na Novemba hakuna aliyenisifia: theluji aidha inageuka tope, aidha haijakaa.

Niliporudi Yokohama nikampigia mama.

"Shikamoo mama. Kule baridi ni kali. Ukija Julai utaona maua, mashamba mazima ya zambarau."

"Marahaba mwanangu. Maua n'nayo uani. Hiyo bahari iliyoganda, inagandaje?"

Nikamweleza. Akaniuliza kama mwezi huo utaangukia Ramadhani, tukahesabu pamoja, tukakubaliana itabidi tutazame kalenda kwanza. Funga ikiangukia Februari tutakwenda mwishoni mwa Januari, tukivumilia barafu ikichelewa. Buti zake nimeshaziulizia, namba 38, soli yenye meno. Na kwenye treni ya pwani inayotoka Abashiri kwenda Shari nitamkalisha upande wa kushoto, ambako dirisha zima ni bahari.