Anne Dutton na kitabu kinachopiga hodi

Wiki nzima hii namsoma mama mmoja anaitwa Anne Dutton, nikizima simu nilale najikuta nimeiwasha tena. Alizaliwa Northampton, Uingereza, 1692, Mbaptisti wa upande wa Kalvini, wale wanaoamini Mungu aliwachagua watu wake kabla dunia haijaumbwa na aliyechaguliwa hapotei. Aliishi Great Gransden, kijijini tu, mume wake ndo mchungaji wa hapo.

Sasa 1739 John Wesley, mhubiri aliyeanzisha Methodisti, akahubiri Bristol kwamba neema ni ya watu wote, habari ya kuchaguliwa akaikataa kabisa, George Whitefield, mhubiri mwenzake na rafiki yake, akamjibu kwa barua iliyochapishwa, ule uamsho wa kiroho waliokuwa wanauongoza ukagawanyika. Anne hakukaa pembeni. 1742 akachapa barua kwa Wesley kutetea uteule, mwaka uliofuata akachapa zingine kupinga fundisho la Wesley kwamba mtu anaweza kufikia ukamilifu hapa hapa duniani. Mimi kwenye uteule sikubaliani naye, nasema wazi, ila yule alikuwa anamjibu msomi wa Oxford, hoja kwa hoja, Biblia mkononi.

Watu wakaanza, mwanamke anachapishaje vitabu vya dini wakati Paulo kasema wanawake wanyamaze kanisani? 1743 hiyo hiyo akawaandikia barua nyingine, na hii ndo imeninyima usingizi. Anasema Paulo anaongelea kusanyiko, kitabu kinasomwa nyumbani kwa mtu, kwa hiyo kikifika kwako chukulia ni mimi nimekuja kukutembelea. Na Prisila je, si alimchukua Apolo kwao na mumewe wakamweleza vizuri zaidi?

Yaani ni hodi kabisa! Nikamkumbuka mama yangu, maiki ya kanisa hajawahi kuishika, ila wachungaji walikuwa wanakuja jikoni kwetu na Biblia zao, wanakaa kwenye kigoda huku yeye anachambua mchicha, wanamuuliza mstari huu una maana gani na yeye anajibu bila kuinua macho kwenye ungo. Hakuna aliyewahi kusema mama kapanda madhabahuni.

Mume wa Anne alisafiri kwenda Marekani, wakati wa kurudi meli ikazama, 1747. Hawakuwa na mtoto. Akabaki na kalamu yake hapo Great Gransden, na barua zikaendelea kutoka mpaka alipofariki 1765.