Samsoni kwenye jiwe la kusagia

Tulipoigiza kisa cha Samsoni, shujaa wa Biblia mwenye nguvu za ajabu, kanisani Dodoma, kilichotusumbua hakikuwa Delila, mwanamke aliyemsaliti, wala nguzo za hekalu alizoziangusha, bali mstari wa 21 wa Waamuzi 16: macho yametobolewa, pingu za shaba, anasaga gerezani Gaza. Mwamuzi wa Israeli kwa miaka 20 sasa anafanya kazi ya wanawake na watumwa.

Rasimu ya kwanza ilitaka azunguke akisukuma kinu kama punda. Picha nyingi humchora hivyo, lakini vinu vya kuzungusha vilikuja karne nyingi baadaye. Enzi zake walisaga kwa mawe mawili, kubwa limelazwa, dogo linasukumwa juu yake. Ugogoni mawe hayo yapo, na bibi mmoja akatuazima lake. Unapiga magoti nyuma ya jiwe, upande wako ukiwa juu kidogo ili unga uangukie mbele kwenye ungo.

“Usisukume kwa mikono, mjukuu wangu. Lalia kwa mabega,” alimwambia mwigizaji. Mtama uwe mkavu, maana wenye unyevu hugandamana juu ya jiwe. Ukitia konzi kubwa, jiwe dogo linateleza juu ya punje na unapata chenga tupu. Jiwe likishakuwa laini, hugongwagongwa uso mpaka likwaruze tena.

Mwigizaji alifungwa kitambaa machoni. Kila mara kiganja kilitangulia kutafuta ukingo wa jiwe, kikarudisha punje zilizotoroka, kisha vidole vikapima unga. Penye shaka alisaga upya.

Hapo hatia ya Samsoni mwenyewe ilionekana. Delila, ambaye Biblia haisemi kama alikuwa mke wa ndoa, alimjaribu mara tatu ili ajue siri ya nguvu zake: kamba mbichi, kamba mpya, vishungi saba kufumwa kwenye mtande. Kila mara aliita kwamba Wafilisti, adui za Israeli, wamekuja. Samsoni alikwisha kuonywa, na bado akamfunulia moyo wote, huku kila mkuu wa Wafilisti amemwahidi Delila vipande 1,100 vya fedha. Mtu wa namna hiyo hana wa kumlilia, ndiyo maana tulimnyima mwigizaji machozi na maneno.

Mwalimu wa kwaya alitaka dua ya Samsoni ya mstari wa 28, kabla ya kuangusha hekalu, iongezwe sentensi ya toba. Samsoni pale anaomba nguvu mara moja tu, alipize kisasi cha macho yake. Tuliiacha ilivyo. Watu walikuwa wameshamwona akisaga.